Maji ya Makayabu

Mdogo wangu alirudi kutoka machimbo ya Omate tumbo likiwa limemtangulia. Pikipiki ilimwacha chini barabarani, kwa kuwa njia ya kupanda kwetu Muheto ilikuwa imeharibiwa na mvua, naye akaupanda mlima kwa miguu, akisimama kila penye jiwe la kukalia. Nilikuwa napalilia maharagwe. Nilimwona kwa mbali nikadhani ni mama mjamzito anayeelekea kituo cha afya. Alipofika karibu nilimtambua kwa sauti tu, maana uso ulikuwa umebaki mifupa na macho, na weupe wa macho ulikuwa na rangi ya ndizi mbivu.

"Usiniangalie vile, kaka," alisema. "Hii njo dhahabu yote ya Omate. Niliimeza juu askari wasiniibie ku bariere ya barabara."

Alicheka peke yake, kisha akaketi juu ya tuta. Sikumwambia kwamba tuta lile lilikuwa na mbegu.

Sisi ni wakulima. Baba yetu aliulima mlima huu, na babu yetu kabla yake, maharagwe juu na mihogo chini, na aliyeondoka kwenda kutafuta maisha Walikale alikuwa huyu mmoja. Alichimba dhahabu huko, Omate, miaka mingi. Alikuwa akirudi Noeli, anawaona mke na watoto, anatusimulia habari za msitu, anaondoka tena. Safari hii alirudi katikati ya palizi, na hakuna mtu wa kwetu anayesafiri katikati ya palizi bila sababu.

Mlimani hawakukawia kuipata sababu hiyo. Walisema ni karuho. Karuho ni sumu ambayo watu wanaamini mtu huwekewa na mwenzake ndani ya pombe au chakula, ikamla polepole kutoka ndani. Kwa kila tumbo linalovimba na kila mtu anayekonda, jibu ni lilo hilo, na kinachobaki ni kubishana tu juu ya aliyeiweka. Nilisema aende hospitali. Wakanijibu kwamba mwenye karuho akichomwa sindano anakufa siku hiyo hiyo. Mkewe, shemeji yangu, akampeleka kwa mama mmoja wa ng'ambo ya mto anayetapisha watu kwa majani. Alitapika mara nyingi. Kila mara waliinama juu ya beseni na kila mara waliona kitu: unywele, kipande cha nyama, kitu kama ukucha. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi zaidi kila mahali isipokuwa tumbo.

Ni yeye mwenyewe aliyechoka kutapika. Tulikwenda Goma, mimi na yeye na shemeji, katika majuma ambayo barabara ilikuwa inapitika. Hospitali walimpaka mafuta baridi tumboni, wakapitisha chombo chao, na daktari akatazama picha muda mrefu kuliko nilivyotaka atazame. Kwanza alisema Kifaransa, akielekea ukuta. Kisha akatugeukia na kusema kwa Kiswahili kwamba ni kansa ya ini, kwamba imeshika sehemu kubwa, kwamba haikatiki. Alisema chanzo ni virusi vya ini ambavyo huenda alivipata akiwa mtoto, na kwamba unga na karanga zenye ukungu, chakula cha kila siku cha wachimbaji, huwa vinausukuma ugonjwa mbele. Karuho hakuitaja, na sisi hatukuitaja.

Alituambia mambo ya kufanya, ambayo yalikuwa machache. Pombe hapana. Chumvi hapana, kwa sababu chumvi inashika maji, na maji yale ndiyo yaliyojaa tumboni. Pumzi ikibana, muuguzi wa kwetu amtoboe kwa sindano na kuyatoa. "Murudi nyumbani," alisema. Hakusema turudi kwake lini.

Kuhusu mimi ni hivi. Shule niliiacha sekondari, vita vilipoifunga, na haikufunguliwa tena kwa wakati wangu. Yaliyobaki nimejisomea mwenyewe: vitabu vilivyoachwa na watu waliokimbia, magazeti yaliyofungia sabuni, na sasa simu. Kazi yangu mlimani, mbali na shamba, ni kutunza mbegu za maharagwe za kikundi cha wakulima. Adui wa kazi hiyo ni kidudu kidogo kinachotoboa maharagwe ghalani. Watu huniletea dawa zao: majivu, pilipili, majani ya msituni, samadi ya ng'ombe iliyokaushwa. Zote nazijaribu kwa namna moja. Natia maharagwe na vidudu hai ndani ya chupa, naweka dawa, nafunga kwa kitambaa. Na pembeni naweka chupa nyingine yenye maharagwe na vidudu bila dawa yoyote, maana bila hiyo huwezi kujua kama vimekufa kwa dawa au kwa sababu zao. Kutokana na kazi hiyo nimejifunza jambo moja: ndani ya chupa karibu kila kitu kinaua. Ghalani karibu hakuna kinachoua.

Tulikuwa tumerudi Muheto kitambo kidogo wakati mchimbaji mwenzake wa Walikale alipomtumia picha kwenye simu. Ilikuwa na bahari ya buluu, chupa ya kioo, na maneno makubwa ya Kifaransa yaliyosema kwamba dawa ya kansa ya ini imepatikana baharini. Mdogo wangu alinipa simu akiwa amelala upande, namna pekee aliyoweza kulala.

"Kaka, wewe njo musomi wetu," alisema. "Nitafutie hii dawa. Kama iko, uniambie iko wapi. Kama haiko, uniambie vilevile. Lakini uniambie wewe, si hawa watu ya kuimba."

Watu wa kuimba walikuwa akina mama wa kikundi cha sala, waliokuwa wakija kumwombea. Hakuwachukia. Walikuwa wanamchosha.

Nilipanda kwenye mgongo wa mlima ambako mtandao unafika pasipo ukungu, nikatafuta makala yenyewe ambamo maneno ya picha ile yalikuwa yamechumwa. Ilikuwa ya Kiingereza. Lugha hiyo nimejifunza kwa kamusi, kwa hiyo nilikwenda sentensi kwa sentensi, nikirudia nyingine mpaka jua likageuka upande.

Watafiti walikuwa wamechukua sifongo, mnyama wa baharini asiye na kichwa wala miguu, anayekaa ameshikamana na mwamba kama uyoga kwenye gogo na kuchuja maji yanayompitia. Walimkausha, wakamsaga, wakamloweka kwenye spiriti, wakatenga kilichotoka, wakakitenga tena, hadi wakabaki na kemikali moja tu, kiasi kinachoweza kukaa juu ya ukucha. Waliitia kwenye seli za kansa ya ini. Seli hizo hazikutoka kwa mgonjwa wa jana. Zilitolewa zamani kwenye ini la mtu ambaye hayuko tena duniani, nazo bado zinagawanyika maabara, ndani ya sahani za plastiki zenye vishimo vidogo, zikilishwa kama mifugo. Baada ya siku chache wanatia rangi ya njano. Seli iliyo hai huigeuza kuwa zambarau. Iliyokufa huiacha ilivyo. Palipotiwa kemikali ya sifongo kwa wingi, vishimo vilibaki njano.

Nilifurahi. Nilisimama pale juu na simu mkononi nikafurahi, kwa sababu hata chupa ya kulinganisha walikuwa nayo, seli zilizoachwa bila dawa, na hizo zilikuwa zambarau tupu. Ilikuwa kazi safi. Kisha nikasoma sehemu ya mwisho. Seli za ini zisizo na ugonjwa nazo zilikuwa zimekufa, ila zilihitaji kipimo kikubwa kidogo. Hakuna panya aliyekuwa amepewa kemikali hiyo, wala mtu. Na kiasi walichokipata kutoka kwenye mzigo mzima wa sifongo kilikuwa kimekwisha katika majaribio yale yale.

Nilishuka. Nyumba ilikuwa imejaa, kwa kuwa kikundi cha sala kilikuwa kimefika, na mdogo wangu alisema nieleze mbele ya wote, asije akasumbuliwa kurudia. Nikaeleza.

"Donc inaua kansa," alisema mama mmoja, kiongozi wa nyimbo.

"Ndani ya sahani, mama."

"Sahani ya nani?"

"Ya maabara."

"Sasa kama inaua mu sahani yao, mu tumbo ya huyu itakataa juu gani? Tumbo haiko sahani?"

Watu walicheka, na mdogo wangu akacheka kuliko wote, akilishika tumbo kwa mikono miwili lisimwumize. Nikawaeleza habari za chupa zangu, ambazo wote walizijua na walizoea kuzitania. Nikasema mafuta ya taa yanaua vidudu vyote chupani, lakini nani atakula maharagwe yenye mafuta ya taa?

"Mwaka wa njaa uniite mimi," alisema jirani yetu kutoka mlangoni.

"Mungu naye," alisema mama mwingine, "dawa akaificha mu bahari, halafu sisi akatuweka ku mulima. Iko mbali, baba. Hata kwa kuomba iko mbali."

Shemeji alikuwa ameketi chini karibu na kitanda. Aliuliza jambo moja tu.

"Ule munyama anakulaka nini?"

"Anachuja maji ya bahari, anakula vilivyomo."

"Ile maji yenye chumvi."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelekezwa njia ya kwenda mahali, na hakuuliza zaidi.

Walipoondoka wote, na shemeji alipokwenda kuwasindikiza, mdogo wangu alisema: "Kwa hiyo haiko."

"Haiko."

"Itakuwa siku moja?"

"Labda. Kwa watu wengine. Nyingi zinaishia mu sahani."

"Bon," alisema. "Umenijibu." Na akafumba macho, si kwa usingizi.

Hata hivyo niliwaandikia watafiti wale. Nilieleza kwa ufupi: umri, ugonjwa, alivyosema daktari, na kwamba mgonjwa mwenyewe yuko tayari. Walinijibu, jambo ambalo sikulitegemea. Walisema kwa heshima kwamba kemikali ile si dawa, kwamba hairuhusiwi kupewa mtu, kwamba kwa sasa hawana hata ya kuendelea nayo kazi, na wakamtakia mgonjwa nafuu. Hawakukosea popote. Sikumsomea mdogo wangu jibu lile, kwa sababu alikuwa ameshaliuliza swali lake na kujibiwa.

Muuguzi alimtoboa, yakatoka maji rangi ya chai, na kwa siku kadhaa aliweza kukaa mlangoni na kuwatukana watoto wa jirani walioiba mahindi. Kisha tumbo likajaa tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Miguu nayo ilivimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Muuguzi alimwita shemeji kando.

"Mama, unamutilia chumvi?"

"Chumvi? Tangu tutoke Goma sijatia hata chembe moja. Uulize watoto."

Alisema kweli, kama alivyoielewa. Niliwauliza watoto, nao wakasema pakiti ya chumvi ilikuwa imeondolewa jikoni na kupelekwa kwa jirani. Nikaamini kwamba ni ugonjwa wenyewe unaokwenda mbio.

Siku moja mchana nilipita kwao nikitoka kupeleka mbegu. Shemeji alikuwa jikoni, chungu cha maharagwe motoni, na karibu na mafiga kulikuwa na beseni lenye makayabu. Makayabu ni samaki wa baharini anayetufikia akiwa mkavu, mgumu kama ubao, mweupe kwa chumvi. Hakuna anayempika kama alivyo. Unamloweka usiku kucha, unamwaga maji, unamloweka tena, unamwaga tena, la sivyo ulimi unachubuka. Kila binti wa kwetu anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kusonga ugali. Nikamwona shemeji akimtoa samaki, akamweka kando kwenye sahani, akalinyanyua beseni, na maji yale meupe akayamimina chunguni bila kubakiza tone.

"Shemeji, hiyo maji si inamwangwa?"

"Hii siimwange. Hii njo ya kwake."

"Ya kwake ya nini?"

Alinitazama kana kwamba namjaribu. "Shemeji, si wewe njo ulisema? Ile dawa inatokaka mu bahari. Ule munyama anakunywa maji ya bahari, anaigeuza dawa. Sasa sisi bahari yetu iko wapi? Ni hii tu inafikaka hapa." Alimgusa yule samaki kwa kidole. "Huyu alikulia mule mule. Asubuhi ninamupa kikombe mbele hajakula, kisha ingine ninaweka mu maharagwe."

"Na daktari alisema chumvi hapana."

"Ile ya duka. Ya duka sitie."

Nilitaka kusema. Nilitazama namna alivyopangusa mdomo wa beseni kwa kidole ili hata mabaki yaingie chunguni, nikaingia ndani kwanza.

Mdogo wangu alikuwa amesikia. Ukuta wa jikoni yao ni wa mianzi.

"Umeona," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Unajua ile maji ni chumvi tupu?"

"Nimekula makayabu Omate miaka yote hii, nisijue chumvi?"

"Na unajua haina dawa."

"Kaka." Alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine. "Nilikusikia siku ile. Vidudu, chupa, ghala. Nilikusikia kushinda wale wote. Mimi njo ghala."

Nikaketi kwenye kigoda.

"Sasa unakunywa juu gani?"

"Juu ya maharagwe. Wewe muntu ya majaribio, umeshajaribu kula maharagwe bila chumvi asubuhi na mangaribi? Jaribu. Ni kama wameanza kukulisha udongo mbele wakuzike." Alijaribu kugeuka, akashindwa, akaacha. "Kila kitu kingine kinanuka mu kinywa yangu. Nyama inanuka. Maziwa inanuka. Hii peke yake niko nasikia utamu yake. Na yule naye, umeangalia? Anaamka asubuhi iko na kazi. Ukimwambia, nitabakia na muke wa kulia na maharagwe ya bure. Ukinyamaza, niko na muke na niko na maharagwe. Fanya hesabu, musomi."

Nilimweleza chumvi inafanya nini, hatua kwa hatua, kama ambavyo ningemweleza mkulima. Maji yatajaa haraka, sindano itarudi mara kwa mara, pumzi itafupika, na siku zitapungua.

"Zitapungua ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Basi ni zangu," alisema. "Kama zingekuwa za muntu mwingine ningezichunga."

Tulipatana. Kikombe cha asubuhi kiachwe. Maharagwe yabaki, ila kwa maji ya pili, si ya kwanza. Alibishana juu ya maji ya kwanza kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akakubali. Nilitoka nikamwambia shemeji kwamba maji ya kwanza ni makali mno kwa tumbo lile, ayamwage, na kikombe akiache. Nilisema neno makali. Neno dawa sikulisema, lakini yeye alilisikia, na tangu siku hiyo alifuata maagizo yangu kama yale ya daktari wa Goma, na kuyafuata vizuri zaidi.

Majuma kadhaa yalikwenda hivyo. Alitobolewa, akajaa, akatobolewa. Sikupanda tena kwenye mgongo wa mlima kutafuta makala. Mara moja tu, nilipokwenda huko kwa shughuli za mbegu, nilifungua simu nikaona watu wengine, wa nchi nyingine, wamejaribu majani ya baharini juu ya seli zile zile za mtu yule yule aliyekufa zamani, na vishimo vilikuwa vimebaki njano kama kawaida. Nikaifunga.

Kisha mapigano yakashuka kuelekea Sake, mji ulio kwenye barabara ya Goma, na barabara ikafungwa. Magari hayakupanda. Chumvi yenyewe ilipotea sokoni, sabuni ikapotea, na makayabu hayakuonekana tena. Shemeji alitoka kwa miguu na wanawake wengine, kwa njia za mashambani, hadi Shasha kando ya ziwa, kwa sababu aliambiwa kwamba huko wafanyabiashara wa samaki hawakosi kitu. Aliwakuta na samaki wa ziwa, wabichi, wasio na chumvi. Alirudi na miguu imepasuka. Alikuwa amebakiwa na kipande kimoja cha makayabu, na kipande hicho akakiloweka, akakitoa, akakianika, akakiloweka tena kesho yake, mpaka kikawa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi na maji yake yakawa hayana hata rangi. Mdogo wangu aliyala maharagwe yale hadi mwisho. Tumbo halikupungua. Chumvi ilikuwa imekwisha na ugonjwa ulikuwa haujakwisha.

Alikufa asubuhi yenye ukungu, nikiwa nimemshika kichwa na mkewe amemshika miguu. Siku zile watu walikuwa wakipita barabarani chini yetu na magodoro vichwani, na milio ya bunduki ilikuwa ng'ambo ya bonde, kwa hiyo katekista aliifupisha sala, na waliokuja kuzika walikuja na majembe yao na kurudi nayo upesi. Kilio hakikukaliwa kama inavyotakiwa. Wale akina mama wa kuimba waliimba wimbo mmoja tu, kwa sauti ya chini.

Muuguzi alikuwa amesema kwamba wote walioishi naye nyumba moja, na sisi wa damu moja, tupimwe virusi vile. Vipimo havikuwepo. Hadi naandika haya havijafika, na shemeji ana watoto wale.

Mavuno ya maharagwe yalipofika, nilikwenda kumsaidia kupukuchua. Tuliketi uani, ungo katikati yetu. Watoto walikuwa wamekwenda mtoni. Alikuwa ameniambia habari za shamba na za mbuzi aliyevunjika mguu, na mikono yake haikusimama alipobadilisha maneno.

"Shemeji, nikuulize kitu. Usinifiche."

"Uliza."

"Ilikuwa kidogo sana? Ile dawa. Kama barabara haingefungwa. Kama kule Shasha ningefika mbele, pengine ningepata hata moja. Na ile kikombe ya asubuhi tuliacha. Ilikuwa kidogo, njo maana?"

Nilikuwa nimengojea swali hili bila kujua kwamba nalingojea. Nikisema ndiyo, atakuwa amemuua kwa kuchelewa njiani. Nikisema haikuwa dawa, atakuwa amemuua kwa kumpikia. Nikachagua lile lililokuwa kweli, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuchagua.

"Haikuwa kidogo, shemeji. Haikuwa dawa."

Aliendelea kupukuchua.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na yeye?"

"Yeye alijua kuanzia siku ile niliyoeleza mbele ya watu."

"Kwa hiyo nilikuwa namupa chumvi."

"Ndiyo. Yeye mwenyewe aliitaka. Aliniambia maharagwe bila chumvi ilimushinda. Aliniambia njo kitu kimoja tu kilibakia na utamu mu kinywa yake."

Mikono ikasimama. "Alikuwa anaipenda?"

"Alikuwa anaipenda sana."

"Hapana," alisema. "Mbele yangu alikuwa anakunja uso. Kila mara, kikombe, sahani, kila mara alikunja uso kama mutoto. Mimi nilikuwa namubembeleza, kula, baba, maliza, ni dawa. Nilikuwa naingia mu jiko kulia juu naona namutesa." Aliokota maharagwe yaliyoruka nje ya ungo, moja moja, akayarudisha. "Angesema tu anaipenda. Ningemupikia muzuri. Ningetia kitunguu, ningetia na nyanya. Nilimupikia kama dawa."

Alivuta ganda lingine, akalipasua kwa kidole gumba, na tukaendelea hadi watoto waliporudi na maji.